Siku Masikio ya Zombe Yalinigharimu Plau Nne na Nusu

Mimi si mtu wa haya, wanaonijua wanajua, lakini hii habari nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu dukani najikuta nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka chini ya kaunta. Nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na wengine, kila mtu anatia chumvi yake, na juzi kwa harusi moja huko Kwa Vonza nikasikia bwana mmoja nisiyemjua akisema kwamba siku hiyo nililia mbele ya chifu. Sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ya vumbi, silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, ilikuwa inachimbwa.

Lakini kwanza mjue ni nani alikuwa anafedheheka, maana mtu mdogo akianguka hakuna kishindo. Mimi Mbithi niliacha shule darasa la tatu, nikaanza kununua ngozi za mbuzi nikizibeba kichwani mpaka Kitui mjini, kwa miguu, na kutoka hizo ngozi nikajenga duka la mawe hapa Zombe wakati wengine wote walikuwa na maduka ya udongo. Sikusaidiwa na baba, baba aliniachia kigoda na deni la harusi. Na hesabu nilikuwa nafanya kichwani, bila kalamu, hata walimu wa shule walikuwa wanakuja dukani kunijaribu: Mbithi, kilo saba za sukari na robo, Mbithi, yadi kumi na moja za kitambaa, na kabla wafunge mdomo nimewajibu. (Hii sehemu ni ya kweli kabisa, muulizeni mtu yeyote. Yale yaliyofuata pia ni ya kweli, kwa bahati mbaya.)

Mwaka huo, miaka ya themanini ikiwa bado mipya, niliona jambo ambalo niliamini hakuna mwingine ameliona. Nilisema, mvua ya mwezi wa kumi na moja ikija, watu watataka plau, na plau nzuri ziko Machakos peke yake, basi mimi nitazileta Zombe. Nikachukua akiba yangu yote, na kwa vile haikutosha nikauza ng'ombe wangu wanne wa kulima. Wawili walinunuliwa na mchuuzi wa barabara ya Mombasa, wawili wakanunuliwa na akina mama wa mwethya, yaani kile kikundi cha kazi ya pamoja kinachochimba matuta leo kwa shamba la huyu na kesho kwa shamba la yule, na walikuwa wamechanga muda mrefu wapate ng'ombe wa kikundi. Nikarudi na plau ishirini, nyekundu, zinanuka rangi mpya, nikazipanga mbele ya duka kama askari.

Mke wangu Kalekye akazitazama, akaniuliza swali moja tu.

"Baba Mumbua, na sisi tutalima na nini?"

Nikamwambia nikishauza plau kumi nitanunua ng'ombe wanne wengine wanono kuliko wale, kabla ya mvua. Akasema sawa. Alisema ile sawa ya mwanamke anayeenda kunoa jembe lake.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shida, msije mkapotea: plau zikiuzwa kabla ya mvua mimi ni tajiri, zisipouzwa nina vyuma ishirini na shamba la ekari nane la kulimwa kwa mkono na mke na binti. Na wiki mbili zikapita nikawa nimeuza plau moja, tena kwa shemeji, tena kwa bei ya shemeji.

Nikapanda gari nikaenda Kitui mjini kuuliza habari ya tangazo la redio. Kulikuwa na karani mmoja pale, kijana wa tai, aliyekuwa anapokea matangazo ya watu, akaniambia tangazo likisomwa ni shilingi mia mbili. Nikamuuliza, mia mbili za nini, maneno matano tu? Akasema, mzee, hatuuzi maneno, tunauza masikio. Wanaosikia saa hiyo tunawahesabu kama elfu ishirini, kwa hivyo unalipa shilingi kumi kwa kila elfu. Ndugu zangu, hapo kichwa changu kiliwaka. Shilingi kumi kwa watu elfu moja ni senti moja kwa mtu! Nilikuwa nimekaa miaka yote nikifikiri tangazo ni kitu cha wakubwa, kumbe ni bidhaa kama sukari, inapimwa, na kitu kinachopimwa mimi Mbithi nakiweza. Yule kijana alikuwa bado anaongea, alikuwa ameanza kusema "sasa mzee, likisomwa mara mbili...", lakini mimi nilikuwa nimeshasimama natafuta kofia. Nilikuwa nimeelewa. Hiyo ndiyo shida yangu maishani, mimi huelewa haraka kabla mtu hajamaliza.

Njiani nikirudi nikafikiri: redio mia mbili, na nusu ya hao elfu ishirini wako Mwingi na Makueni na sijui wapi, hawatakuja Zombe kununua plau. Hapa kwetu ni nani ana sauti? Mwethya! Wanaimba tangu asubuhi mpaka jua la saa sita, na wimbo wa mwethya ukishaimbwa juu ya mlima jioni uko kisimani na Jumapili uko njia ya kanisani. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Muli, mwenyekiti wao na mwimbishaji, mjane mwenye mikono kama ya fundi wa mawe, nikamwambia ninataka jina langu na plau zangu ziingie kwa wimbo mpaka siku ile kubwa ya kuchimba silanga.

Mama Muli hakusita. "Gunia moja la sukari," akasema. "Tutakuimba mpaka mvua."

Hapa ndipo ningenyamaza. Gunia moja la sukari, ningetoa stoo, ningeandika, tungemaliza. Lakini mimi nilikuwa nimetoka mjini na elimu mpya, na nikamwonea huruma.

"Mama Muli," nikamwambia, "mambo ya gunia ni ya zamani. Siku hizi mtu analipia masikio. Mimi nitawalipa kama redio, shilingi kumi kwa kila elfu."

Akaniangalia. "Kama redio?"

"Kama redio kabisa. Hata andika."

Na wakaandika, kwa lile daftari lao la kuita majina (maana mwethya wana daftari, asiyekuja kazini bila sababu anatozwa faini, hawana mchezo), nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu. Kumbe nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu kichwani: akina mama ni sitini, siku za kazi zilizobaki ni kumi, hiyo ni mia sita. Siku ya silanga vikundi vingine vitakuja, watu wawe mia tatu. Jumla mia tisa. Elfu haijafika! Ningewapa shilingi kumi nzima kwa ukarimu, na gunia langu la sukari libaki stoo. Nilikuwa ninawapunja na ninajua, na usiku huo nililala kama mtoto. Hiyo sehemu ndiyo inaniuma zaidi ya zile zingine.

Wimbo ulikuwa mtamu, siwezi kukataa. Mama Muli anaitisha, "Plau ya nani haichoki?" na sitini wanajibu, "Ya Mbithi!" na majembe yanashuka pamoja, pu! "Chuma ya nani haipindi?" "Ya Mbithi!" pu! Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa duka nasikia jina langu likiteremka mlimani, nikawa natanua kifua, nikanunua hata koti. Ila wateja sikuwaona. Plau ya pili ilinunuliwa na mzee aliyekuwa haendi hata karibu na mlima, tena hana masikio mazuri. Wengine wanakuja, wanashika mpini, wanasema chuma kizuri, Mbithi, wimbo mzuri, wanaenda. Mmoja akaniambia ukweli: "Mimi nimekusikia mpaka naota. Lakini ng'ombe wangu walienda na kiangazi. Nifunge plau kwa kuku?" Mimi nikaona ni maneno ya mtu maskini. Nikasema siku ya silanga, watu mia tatu, hapo ndipo moto utawaka.

Siku ikafika. Nilivaa lile koti, nikapeleka plau moja kwa mkokoteni nikaisimamisha juu ya rundo la udongo ili kila mtu aione, na mimi nikasimama kando yake. Vikundi vitatu vya mwethya walikuwa chini wanachimba, chifu amekuja, bwana shamba amekuja na kofia yake, mchungaji amefungua kwa maombi. Na watu mia tatu wakaanza kuitikia jina langu kwa pamoja. Mimi ni binadamu. Walipopumzika kunywa uji nikashindwa kunyamaza, nikapanda juu zaidi nikawahutubia.

"Mnasikia jina hilo?" nikasema. "Hakuna mfanyabiashara mwingine Ukambani nzima anayejua hii hesabu! Nyinyi wote mnaosikia, mimi nimewalipia! Kila sikio!"

Watu wakapiga makofi. Mama Muli akaweka kikombe chake cha uji chini, akajifuta mikono kwa leso, akasema kwa sauti ile ile ya kuimbisha:

"Baba Mumbua, umesema vizuri mbele ya chifu. Basi tuhesabu."

Akaita Ndinda, nyanya mmoja asiyeweza tena kuchimba, ambaye kazi yake kwa mwethya ilikuwa kukaa pembeni kuchunga watoto wachanga. Ndinda akaja polepole na vibuyu viwili. Kumbe kila mara jina langu likiimbwa, yule nyanya alikuwa anatoa haragwe moja kibuyu hiki anatia kile. Siku zote kumi! Na jioni wanaandika kwa daftari kando ya majina. Bwana shamba akatoa penseli, akapewa daftari, akavaa miwani. Hata mimi nilisogea nikiwa bado natabasamu.

"Siku ya kawaida," akasema bwana shamba, "wamekuja sitini. Jina limeimbwa mara mia mbili."

"Sitini," nikasema. "Andika sitini."

"Sitini mara mia mbili," akasema, "ni elfu kumi na mbili."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. "Bwana shamba, ni wale wale! Ni akina mama wale wale sitini! Mtu akishanisikia amenisikia!"

"Ulisema kama redio," akasema Mama Muli. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mwanangu Muli yuko Kitui, nilimtuma akaulize. Alimpata kijana fulani wa tai. Redio ikisoma tangazo mara moja ni mia mbili. Ikisoma mara mbili, kwa watu wale wale, ni ngapi?"

Nikasikia sauti ya yule karani kichwani, *sasa mzee, likisomwa mara mbili*, na mimi natafuta kofia.

"Mia nne," nikasema. Nilisema polepole, lakini silanga ni shimo na sauti hubaki mle.

"Haya," akasema bwana shamba, na penseli ikaendelea. Elfu kumi na mbili kwa siku ni shilingi mia na ishirini. Siku kumi, elfu moja na mia mbili. Na leo watu mia tatu, mara mia mbili, elfu sitini, shilingi mia sita. Jumla elfu moja mia nane. Mimi nilikuwa nimeshafika hapo kichwani kabla yake, maana mimi ni mwepesi wa hesabu, nimeshawaambia, na bei ya plau moja ilikuwa mia nne. Plau nne na nusu. Ili kuokoa gunia moja la sukari.

Nikajaribu la mwisho. Nikasema wanaoimba wasihesabiwe, wahesabiwe wanaosikiliza tu.

"Kwani anayeimba ni kiziwi?" mtu akapiga kelele kutoka chini, na silanga nzima ikacheka, mchungaji naye akageuka akajifanya anakohoa.

Na hapo, katikati ya kicheko, nikamwona Kalekye wangu amesimama na jembe, udongo mpaka magotini. Yeye ni mwanachama wa mwethya tangu tuoane. Siku zote kumi alikuwepo.

"Na mimi nimo, Baba Mumbua?" akauliza. "Umenilipia mimi nisikie jina lako mara mia mbili kwa siku? Si ungekuja tu nyumbani mapema ukaniambia."

Nikafanya jambo la mwisho la kijinga, nikasema silipi, huo ni wizi, nikashika mkokoteni wangu na plau yangu nikaanza kupanda barabarani. Mkokoteni ulikwama. Hakuna mtu aliyenisaidia kuusukuma, na nilipokuwa nausukuma nikasikia majembe yameanza tena nyuma yangu, pu, na Mama Muli anaitisha, lakini maneno yalikuwa mapya.

"Sikio gani la Mbithi linasikia sifa?" "La kulia!" pu! "Sikio gani linasikia bei?" "Limeziba!" pu!

Sasa nisikilizeni, nyinyi wa biashara. Ule wimbo wa kwanza niliulipia na haukutoka Zombe. Huu wa pili ulikuwa wa bure, na kwa wiki moja ulikuwa umefika Mutito. Nilisikia watoto wakiuruka nao kamba. Nilisikia mama mmoja akitwanga mahindi ya muthokoi nao. Jumapili tulipokuwa tunatoka kanisani mtu mmoja nyuma yangu alikuwa anaupiga mluzi, na nilipogeuka nikaona ni shemeji, yule wa bei ya shemeji. Wateja wa sukari wakaanza kunyoosha mkono kwa sikio langu wakinunua, eti wanizibue. Mimi niliyejenga duka la mawe! Nikakaa nikapiga hesabu ya ule wimbo kwa bei ya redio, watu wangapi, mara ngapi, nikafika mahali nikaacha, kwa sababu ilikuwa imepita bei ya duka.

Jioni moja mawingu yalipokuwa yanakusanyika upande wa Mutito Kalekye akaniwekea chakula, akasema, "Mvua iko karibu. Wapelekee."

Nikawapelekea. Plau nne, kwa mkokoteni, mchana, kila mtu anaona. Mama Muli akazipokea kwa heshima, akanishukuru, akanipa hata kiti.

"Na ile nusu?" nikauliza. "Nusu ya plau hailimi."

"Ile nusu utakuja nayo mwenyewe," akasema. "Siku tano. Jembe utatoa kwako."

Basi Mbithi wa duka la mawe akaenda mwethya siku tano, mwanaume peke yake kati ya wanawake sitini, jina langu likaandikwa kwa daftari chini ya la mke wangu. Mikono ilitoka malengelenge siku ya kwanza. Walikuwa wamewafunga wale ng'ombe wawili wao, wale niliowauzia mimi, kwa plau yangu, na ninawaambia hakuna uchungu kama ng'ombe wako wa zamani kukutambua akiwa kazini kwa mtu mwingine. Mmoja wao alisimama akanitazama. Mimi nikaangalia jembe.

Lakini pia niliona kitu. Watu wenye ng'ombe waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wanasimama. Hawasikilizi wimbo. Wanatazama udongo unavyogeuka, mweusi, mpana, na wanawake wanafuata wakipanda bila kuinama sana. Wanaume watatu, wanne, wanasimama mpaka mwisho wa mstari. Kabla mvua iishe niliuza plau kumi, na wote walionunua walikuwa wameiona ikilima, hakuna hata mmoja aliyetaja wimbo, labda kwa huruma. Nne zilibaki, zikashika kutu mpaka mwaka uliofuata. Shamba langu mimi lililimwa la mwisho, kwa zamu ya mwethya, wiki mbili baada ya mvua kuanza, na mahindi yalikuja mafupi. Tulikula tu. Mumbua hajasahau, mpaka leo akija na wanawe ananiuliza kama nimelipia masikio yao.

Siku ya tano ya kazi yangu, wakati wa uji, niliona nyanya Ndinda yuko pale pale pembeni na watoto wake na vibuyu vyake, na mkono unahamisha maharagwe. Walikuwa bado wananiimba, nimesahau kuwaambia, wananiimba huku nikichimba nao. Nikamwendea, mgongo umekufa, nikamuuliza kwa adabu:

"Nyanya, bado mnahesabu?"

Akaniangalia, hana meno hata mbele.

"Hizi haragwe si zako, mwanangu," akasema. "Hizi ni za kupika."

Tangu siku hiyo mimi sitangazi. Wamekuja vijana wa kalenda, wamekuja wa gari la kipaza sauti, wamekuja wa kuandika ukuta wa duka kwa rangi, na wote wanaanza na elfu: elfu wataona, elfu watasikia. Mimi nawapa soda, na nawauliza maswali mawili. Ni watu elfu, au ni mtu mmoja mara elfu? Na kati yao, wangapi wana ng'ombe? Halafu nanyamaza, nawaacha wamalize kuongea mpaka neno la mwisho, hata kama nimechoka, hata kama kofia iko karibu.